Paralelizimu Huja Mwisho: Magari Yaliyoshuka kwenye Mawe ya Birere

Weka kiganja juu ya tairi la mbele la teksi iliyoegeshwa Birere, mjini Goma. Kitelezeshe kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha kirudishe. Kikikwaruzwa wakati wa kwenda na kuteleza wakati wa kurudi, kama mtu anayepapasa tilapia kinyume cha magamba, huhitaji mashine kujua kuna nini: matairi ya mbele yanatazama nje, kila moja linavuta upande wake, na mpira unaliwa kila gari linapotembea. Dereva atakwambia gari "iko navuta". Fundi atamwambia afanye paralelizimu, yaani matairi yanyooshwe. Wote wawili wamesema kweli, na bado tairi jipya litakaloingia litaisha vilevile baada ya miezi michache.

Chanzo mara nyingi kiko juu ya tairi. Gari likishuka, kwa kupenda kwa mwenyewe au kwa kuchoka kwa resori (springi), pembe za magurudumu zimeshabadilika kabla mtu hajagusa tairodi za usukani. Hili ndilo naona linarukwa katika garaji nyingi, za Birere na za miji mingine pia: urefu wa gari kutoka ardhini ni kipimo cha kwanza, na paralelizimu ni cha mwisho. Anayeanza na cha mwisho ananyoosha paa la nyumba ambayo ukuta wake umezama.

Goma si mji wa kushusha magari kwa mapambo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu walirudi, wakajenga juu ya jiwe hilohilo jeusi, na njia nyingi za mitaani mpaka leo ni lava iliyolainishwa na magurudumu peke yake: vichwa vya mawe vimetokeza, vingine vina makali ya kuchana ubavu wa tairi. Birere imebanana kati ya katikati ya mji na mpaka wa Rwanda, upande wa Petite Barrière, na mizigo ya mji mzima ni kama inapitia pale, juu ya chukudu, pikipiki, mikokoteni na magari. Mtu mwenye akili yake mahali kama hapo anataka gari lililo juu. Pamoja na hayo, magari yaliyoshuka ni mengi, na njia zilizoyashusha hazifanani.

Kuna lililokuja limeshushwa tayari. Gari dogo la Kijapani, tuseme Toyota Ist au Vitz, linapita mikono kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam au Mombasa na kupanda hadi Goma. Huko Japani kijana wa kwanza kulimiliki huenda alitoa springi za kiwandani na kuweka za TEIN au RS-R, fupi kwa milimita 30 au 40. Kwenye lami ya Nagoya zilikuwa raha. Mnunuzi wa Goma haambiwi, wala hajui kwamba rangi ya kijani inayong'aa ndani ya gurudumu si rangi ya kiwanda. Anachojua ni kwamba gari lake linapiga tumbo kwenye kila jiwe.

Kuna lililoshushwa na kazi. Resori iliyotengenezwa kwa familia ya watu wanne imebeba miaka mingi magunia ya viazi na makaa, na abiria wawili kwenye kiti kimoja cha mbele. Chuma kinachoka kidogo kidogo, na mara nyingi upande mmoja huchoka kuliko mwingine, kwa hiyo gari linashuka na kulala ubavu. Halafu kuna lile ambalo mwenyewe alilishusha kwa makusudi kwa kukata resori, na hapa siwezi kunyamaza. Resori yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20, kwa sababu waya uliobaki ni mfupi na unapinda kwa shida zaidi. Gurudumu likining'inia shimoni, resori iliyofupishwa inaweza kuchomoka kwenye kitako chake na kurudi ikiwa imekaa vibaya. Kuipasha moto kwa gesi ili ijikunje ni kubaya zaidi: ugumu ambao kiwanda kiliupata kwa kupasha na kupoza kwa mpango unaondoka, na resori inabaki chuma cha kawaida. Hakuna paralelizimu inayotibu hilo.

Sasa tuingie chini ya gari. Magari mengi madogo yanayozunguka Goma yana mfumo wa mbele unaoitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao kampuni ya Ford iliueneza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni mfumo rahisi: amortisa imesimama wima ndani ya resori, juu imefungwa kwenye bodi, chini imeshika kichwa cha gurudumu kwa boliti mbili, na mkono mmoja wa chini unashikilia gurudumu lisitoke nje. Pembeni kuna tairodi, inayotoka kwenye boksi la usukani na kuligeuza gurudumu.

Tazama vipande viwili vya mwisho. Mkono wa chini umefungwa kwenye chesisi na unapanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Tairodi nayo inapanda na kushuka kwa bawaba yake. Lakini urefu wao si mmoja, wala bawaba zao haziko mahali pamoja, kwa hiyo kila ncha inachora upinde wake. Wahandisi waliipanga mipinde hiyo ilingane vizuri pale gari linaposimama kwa urefu wa kiwandani. Ukilishusha gari kwa sentimita 4, mipinde inaachana: mkono unasukuma gurudumu kiasi kimoja, tairodi inalivuta kiasi kingine, na gurudumu linageuka bila mtu kugusa usukani. Kwa magari mengi ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, matokeo yake ni matairi kufunguka mbele. Ndiyo ile mikwaruzo ya kiganja.

Kuna pembe ya pili, kemba: jinsi gurudumu linavyoinama likitazamwa kutoka mbele. Gari lililoshushwa huelekea kuingiza vichwa vya magurudumu ndani, mara nyingi nusu digrii hadi digrii moja kwa kushuka kwa kiasi nilichotaja. Ya tatu ni kasta, mlalo wa mhimili ambao gurudumu linazungukia likikata kona, ukitazama kutoka ubavuni. Ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Gari likishuka nyuma kuliko mbele, kasta inaongezeka na usukani unakuwa mzito; likishuka mbele zaidi, inapungua na gari linapoteza ule utulivu wa kwenda sawa.

Hapa ndipo neno lenyewe linapotudanganya. Paralelizimu tumelipata kwa Kifaransa, na maana yake ni usambamba wa matairi, yaani ile pembe ya kufunga na kufungua tu. Mteja anaagiza paralelizimu, analipa paralelizimu, na anapewa paralelizimu. Hakuna aliyemwibia. Kemba na kasta hazimo katika neno alilolitamka, kwa hiyo hazimo katika kazi. Wenzetu wa Dar na Nairobi wanasema alaimenti, neno pana zaidi, ingawa nimeona nako alaimenti ikiishia kwenye nati mbili za tairodi. Ningependa mafundi wetu waanze kuuliza swali moja kabla ya kupokea kazi: gari hili lina urefu wake wa kiwanda, au limeshuka?

Si kwamba paralelizimu ni ndogo. Kwa kuua matairi, ndiyo kubwa kuliko zote, na hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwa kidole. Chukua tairi lenye kipenyo cha karibu milimita 600, kama la magari haya madogo. Tuseme matairi mawili ya mbele kwa jumla yamefunguka milimita 6, kipimo ambacho jicho halikioni. Kila tairi limekosea njia milimita 3 kwa kila 600, yaani mita 5 kwa kila kilometa. Kutoka Goma hadi Sake ni karibu kilometa 25. Mpaka ufike Sake, kila tairi la mbele limeburutwa ubavu mita 125, huku gari linaenda mbele kana kwamba hakuna kitu. Kwa teksi inayofanya safari hiyo kwenda na kurudi kila siku ni robo kilometa ya kusuguliwa, juu ya changarawe za lava. Kemba ya digrii moja nayo hula ukingo wa ndani, lakini polepole. Gari linaweza kuishi nayo. Kufunguka kwa milimita 6 haliwezi kuishi nako.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolaumu kemba kwa kila tairi lililoliwa ndani. Mtu anaona gurudumu limeinama, anaona ukingo wa ndani umekwisha, anaunganisha viwili hivyo na kwenda kununua boliti za kurekebisha kemba. Mara nyingi mla mpira alikuwa kule kufunguka, na kemba ilimwelekeza tu aanzie upande gani.

Jambo jingine huwashangaza walioshusha gari wakitegemea litulie kwenye kona. Katika mfumo wa MacPherson, mkono wa chini ukishapita ulalo na kuanza kuelekea juu upande wa gurudumu, gari linapolala konani gurudumu haliingizi kichwa ndani tena inavyotakiwa, na ile nukta ambayo bodi inazungukia inashuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Gari lipo chini, na bado linataka kulala zaidi. Ugumu wa resori fupi hulificha hilo, mpaka siku ya kona yenye mashimo.

Basi kurekebisha kunaanzia wapi? Kwa gari la kazi la Goma jibu langu ni fupi: lirudishe juu. Tafuta resori za kiwandani za gari hilo, hata za okazio, yaani zilizotumika, mradi ziwe jozi yenye urefu sawa, na pembe nyingi zitarudi zenyewe karibu na mahali pake. Kununua boliti na vifaa vya kusahihisha gari litakaloendelea kupiga tumbo kwenye mawe ni kutibu kikohozi cha mtu anayelala kwenye moshi. Mwenye gari la kupita kando ya ziwa kwenye lami, anayelipenda likiwa chini, ana haki yake, na kazi inawezekana. Ila aifanye yote.

Kuifanya yote kunamaanisha kwanza kuhakikisha kwamba kinachopimwa kimetulia. Upepo wa matairi uwe sawa. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa, kisha kushoto na kulia, ili rotili (bolijointi) na beringi zenye mchezo zijitaje. Urefu upimwe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Pande zikipishana kwa kiasi cha kuonekana, hakuna kuendelea mpaka resori zishughulikiwe.

Halafu kuna bushi, ambazo karibu kila mtu huzisahau. Bushi za mkono wa chini zimeshikana mpira na chuma, na hazizunguki, hujipinda. Ukikaza boliti zake gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yananing'inia, mpira umefungwa katika hali ya kuning'inia. Gari likishuka chini unabaki umesokotwa saa zote, na utapasuka kabla ya wakati wake. Baada ya kubadilisha urefu, boliti hizo zilegezwe na zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Ni kazi ya dakika chache chini ya gari, na bushi inadumu mara nyingi zaidi.

Nyuma panapimwa kabla ya mbele. Ist, Vitz na ndugu zao wana mhimili mmoja wa kujisokota nyuma ambao hauna sehemu ya kurekebishia. Ukipinda kwa jiwe, umepinda. Gari la namna hiyo linatembea upande upande kama kaa: usukani unashikwa umeinama ili gari liende sawa, na kila fundi anarekebisha mbele bila kumaliza, kwa sababu nyuma ndiyo inayosukuma kwingine. Mbele, kemba katika Toyota hizi inaweza kusogezwa kidogo kwa kubadilisha zile boliti mbili za amortisa na kuweka nyembamba zaidi, na Toyota yenyewe imetengeneza boliti za namna hiyo. Paralelizimu inakuja baada ya hayo yote, usukani ukiwa umefungwa katikati. Tairodi zizungushwe kiasi kilekile pande zote mbili, kwani mzunguko mmoja kamili unaweza kubadilisha milimita kadhaa pale mbele ya tairi.

Mashine yenye kamera na vibao vya kuakisi kwenye magurudumu hufanya vipimo hivi vyote kwa dakika chache, na ikiwepo itumike. Lakini namba zake zinasomwa dhidi ya vipimo vya kiwanda vya gari lenye urefu wa kiwanda. Gari lililoshuka likionyeshwa rangi ya kijani kwenye skrini, ni paralelizimu tu iliyopatikana. Wasio na mashine nao hawajafungiwa mlango. Nilikaa nusu siku nikimtazama fundi kijana katika uwanja mmoja nyuma ya maduka ya vipuri, na vifaa vyake karibu vyote vilitoka kwa waashi.

Tatizo la kwanza lilikuwa sakafu. Lava haina usawa. Alichukua mpira mrefu wa maji unaoonyesha ndani, ule wa kupimia msingi, akaushika kwenye magurudumu mawili mawili na kuweka vipande vya mbao chini ya yale yaliyo chini mpaka maji yakasimama usawa mmoja. Chini ya magurudumu ya mbele aliweka vipande viwili viwili vya plastiki nzito vyenye grisi katikati, ili tairi lijigeuze bila kung'ang'ania ardhi. Akalitikisa gari mara kadhaa likae. Kisha akafunga nyuzi mbili kwenye makopo yaliyojazwa mawe, moja kila ubavu wa gari, akapima umbali kati ya nyuzi mbele na nyuma mpaka ukalingana, na umbali wa kila uzi hadi katikati ya gurudumu ukalingana kushoto na kulia. Kuanzia hapo ni rula tu: kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kutoka uzi hadi ukingo wa nyuma. Mbele kukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu linafunga. Kukiwa karibu zaidi, linafungua. Kwa kemba alining'iniza timazi mbele ya rimu. Kwenye rimu ya inchi 15, tofauti ya karibu milimita 7 kati ya juu na chini ni digrii moja.

Njia hiyo ni nzuri. Haina haraka, na kosa la milimita moja linaingia kwa urahisi mkono ukitetemeka, lakini kati ya milimita moja na zile 6 za safari ya Sake kuna tofauti ya tairi zima. Inafaa pia kwa upande wa pili wa tatizo, ambao Goma unaujua zaidi: magari yaliyoinuliwa. Anayeweka vipande vya mpira au chuma juu ya resori ili gari lipande naye amehamisha mipinde ileile, kwa kinyume. Gari la MacPherson lililoinuliwa kwa kawaida hufunga matairi na kuyaegemeza vichwa nje, na sasa ni ukingo wa nje unaoliwa. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, yenye ekseli ngumu mbele, haipotezi kemba, ila kasta inageuka, na dereva anaona usukani haurudi vizuri.

Mwenye gari wa Birere anahesabu haya yote kwa pesa taslimu. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga na uwanja wa ndege ukafungwa, na kila kipuri kikawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Ndiyo maana matairi ya okazio yanauzika sana. Lakini tairi la okazio lina kumbukumbu. Limeliwa kwa pembe za gari lilikotoka, na likivalishwa gari jingine linaweza kulivuta kushoto au kulia hata kama pembe zote ziko sawa. Kabla ya kumlaumu fundi, badilishana tairi la kushoto na la kulia mbele: mvuto ukihama upande, kosa ni la tairi.

Nirudi kwa yule kijana. Alipokaza nati za tairodi, vipimo vilikuwa sawa pande zote, na mwenye gari alishatoa pesa mfukoni. Kijana akamwambia, "Patron, ngojea kwanza." Akaliondoa gari juu ya plastiki, akalisukuma mita chache mbele na kulirudisha palepale kwenye nyuzi. Akapima tena. Kushoto palikuwa pamehama milimita 3, na hakuna aliyegusa kitu. Akainua upande huo kwa jeki, akashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa kwa nguvu kuliko alivyofanya asubuhi, na rotili ya tairodi ikagonga kwa sauti ndogo, kavu. Mwenye gari alirudisha pesa mfukoni na kwenda kutafuta rotili madukani, na nyuzi zikabaki pale zimefungwa kwenye makopo.